Uagize ful opsheni Japan, au uchukue gredi ya chini ukaipambe hapa town?

Unaangalia Harrier mbili za mwaka uleule, moja Grand, gredi ya chini, moja Premium, gredi ya juu, Premium imezidi bei, jamaa yako anakwambia chukua Grand bana, hivyo vingine vyote utafunga Kariakoo kwa hela ya kawaida tu. Ana pointi, ila nusu.

Tuanze na hiyo nusu yake. Vitu kibao vya kiwandani Japan vikifika huku ni pambo tu. Redio zao FM inaanzia 76 inaishia 90 au 95 hivi, stesheni za juu ya hapo huzipati mpaka ufunge kile kifaa cha kuhamisha masafa, navigesheni ina ramani ya Tokyo na Osaka, TV inasoma mfumo wao, na yule dada wa kwenye kifaa cha ETC kila ukiwasha gari anakukumbusha kwa Kijapani kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara. Mwenye gari la kwanza alilipia vyote hivyo, na kama vimepandisha bei ya mnada basi na wewe umelipia, na ushuru juu yake maana kodi inapigwa kwenye CIF, yani bei ya gari pamoja na bima na usafiri. Halafu ukifika Dar unaving'oa unafunga redio ya Android, ileile aliyofunga mwenye Grand. Tena kuna magari kamera yake ya kuzunguka gari zima imefungwa pamoja na ile redio ya kiwandani, ukitoa redio na kamera imekufa, kwa hiyo umelipa zaidi ukabaki na pungufu.

Na gredi ya juu ina vya kuharibika vingi. Prado 150 ya TZ-G ina saspenshen ya upepo nyuma, ni tamu sana ikiwa nzima, ikianza kuvuja waulize wenyewe, wengi wanaishia kurudisha springi za kawaida.

Sasa nusu ambayo jamaa hakukwambia. Gari jipya likiuzwa Japan tofauti ya gredi na gredi ni kubwa, ila likishakaa miaka saba ile tofauti inasinyaa, kwa hiyo wewe wa mkono wa pili unapata opsheni kwa sehemu ndogo ya bei aliyolipa mwenzio. Ukitaka kuziongeza baadaye hakuna punguzo hilo, unalipa kifaa, unalipa fundi, na ukipata fundi anayekata waya na kuzungushia selotepu unalipa tena fundi wa pili kutafuta kwa nini betri inaisha usiku.

Kuna vitu vinaongezeka kweli: kamera ya nyuma, sensa, taa za fogi, rimu. Kuna modeli kadhaa za Toyota hata kruzi kontroli unachomeka swichi yake tu kwenye usukani, waya na kompyuta tayari vipo, kwa sababu kiwandani ni nafuu kutengeneza mfumo mmoja kuliko kumi. BMW waliona mwanya huohuo, kufika 2022 wakawa wanauza joto la siti kwa malipo ya mwezi kwenye baadhi ya nchi, siti zina kifaa ndani ila unalipa kifunguliwe, watu wakachachamaa na 2023 wakaachana nalo.

Ila eabegi za pembeni, breki zinazojikanyaga zenyewe gari likikaribia kugonga, au 4WD, hivyo huviongezi, au utaviongeza kwa hela ya gari lingine. Usukani wenye batani unataka na ile koili ya ndani ya usukani inayolingana, la sivyo batani hazifanyi kazi au taa ya SRS, ile ya eabegi, inawaka na haizimi. Hata kupiga leza siti, yani kuzivisha ngozi, kuna mtego: kama eabegi iko ubavuni mwa siti, kava lake la kiwandani lina mshono maalumu wa kupasuka, fundi wa mtaani akishona uzi wa kawaida begi inaweza isitoke inavyotakiwa. Na hapo siku ya kuuza mnunuzi atauliza gredi gani tu, leza yako hailipii hata senti.

Kwangu mimi hesabu iko hivi, gredi nalipia kwa ajili ya vilivyomo ndani ya bodi na kompyuta, yani usalama, injini, taa za LED, ila kwa sababu ya skrini na spika siongezi hata mia. Wakenya hesabu yao inapinda kidogo kwa sababu KRA, mamlaka yao ya kodi, wanaanzia kwenye CRSP, bei ya gari likiwa jipya, kwa hiyo toleo la bei kubwa linakuja na ushuru wake.

Bajeti ikibana, wengi wanashuka mwaka mmoja nyuma ili wabaki na gredi ya juu. Inalipa, ila angalia usivuke miaka 8, maana hapo TRA wanaongeza 15% ya uchakavu na ikizidi 10 inakuwa 30%, na hiyo peke yake inaweza kumeza tofauti yote ya Grand na Premium.