Picha ya siku ya kutoa waya haitoshi

Mwaka 1940 mjini Chicago, daktari wa kupanga meno kutoka Arizona, Charles Tweed, aliwaonyesha wenzake kumbukumbu za wagonjwa 100 aliowatibu mara mbili. Mara ya kwanza alifuata alichofundishwa na mwalimu wake, Edward Angle, kwamba jino lising'olewe, yote yatafutiwe nafasi. Meno yalinyooka kweli, lakini midomo ilisukumwa mbele, na baada ya muda meno yakarudi kubanana. Akaanza upya, safari hii akiwang'oa magego madogo manne kila mmoja, kisha akaziweka kesi zote mbili, aliyoshindwa na aliyofaulu, ili kila mtu azitazame.

Naikumbuka habari hiyo kila mara wenzangu wanapobishana kama inafaa kushirikishana kesi za wagonjwa wa waya za meno. Wapo wanaotuma kila siku kwenye makundi ya WhatsApp, na wapo wasiotuma hata moja. Kila upande una hoja nzito, ila nadhani tunabishania mahali pasipo penyewe.

Nianze na wanaotuma. Vitabu tunavyosomea viliandikwa kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani, na vipimo vya uso na taya tulivyorithi vilitokana kwa sehemu kubwa na watoto wa kizungu. Hakuna kitabu kati ya hivyo kinachokuandaa kwa "meno ya plastiki". Mtoto mchanga anaharisha na kupata homa, fizi zimevimba kidogo. Anapelekwa kwa mtu anayezichokonoa kwa chombo chenye ncha na kutoa vijimbegu vyeupe, laini, akisema ndio ugonjwa wenyewe. Kumbe ni chonge za utotoni ambazo hazijaota. Miaka 12 baadaye anakuja kliniki: chonge ya kudumu imetoka na kilema au haionekani kabisa, meno ya mbele yamehamia upande mmoja, na mama hasemi kitu kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Daktari ambaye hajawahi kuona kesi ya namna hiyo ataandika kwamba mtoto alizaliwa bila jino, na mpango mzima wa matibabu utajengwa juu ya kosa hilo. Kesi moja iliyoelezwa vizuri na mwenzake wa Dodoma au Kampala ingemfanya aulize swali moja tu la ziada.

Au chukua watoto wa maeneo ya Arusha na Meru, ambako maji yana madini mengi ya floridi. Enameli yao ya juu, lile tabaka gumu la nje ya jino, inaikataa ile asidi tunayopaka ili gundi ya breketi, vile vidude vya kwenye jino vinavyoshika waya, ishike. Unafunga waya vizuri Jumatatu, mtoto anatafuna muhindi wa kuchoma Jumatano, breketi mbili ziko mkononi. Aliyegundua kwamba kukwangua enameli kidogo au kurefusha muda wa asidi kunasaidia, akikaa kimya, kila mmoja wetu atajifunza peke yake kwa gharama ya meno ya watoto. Hata mwanya ni somo. Huku kwetu ni urembo, na mgonjwa anaweza kutaka kila kitu kinyooke ila huo ubaki.

Wanaokataa nao hawana woga wa bure. Hoja yao ya kwanza ni kwamba kesi ina ushawishi kuliko ushahidi iliobeba, na historia ya Tweed mwenyewe inawaunga mkono. Baada yake fani iliegemea upande wa kung'oa. Katika kliniki ya Chuo Kikuu cha North Carolina, wagonjwa waliong'olewa meno kwa ajili ya waya walikuwa asilimia 30 mwaka 1953, wakafika asilimia 76 mwaka 1968, kisha wakashuka hadi 28 mwaka 1993. Vinywa vya watu havikubadilika kiasi hicho ndani ya miaka 40. Kilichobadilika ni imani za madaktari, na katika fani yetu imani hujengwa na picha.

Lakini tazama nini kilisaidia kuirudisha fani nyuma kutoka kwenye kung'oa. Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kilikuwa kimetunza kumbukumbu za wagonjwa miaka mingi baada ya matibabu. Mwaka 1981 Robert Little na wenzake walichapisha matokeo ya watu 65 waliong'olewa magego madogo, wakapimwa angalau miaka 10 baada ya kuacha ritena, kifaa kinachovaliwa baada ya waya ili meno yasirudi. Karibu theluthi mbili, meno yao ya mbele ya chini yalikuwa yamebanana tena kwa kiwango kisichoridhisha. Zilikuwa kesi vilevile, ila hizi hazikuchaguliwa kwa uzuri wake na hazikuishia siku ya kutoa waya.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaotuma. Tunachopeana mara nyingi ni picha mbili, kabla na baada, na hiyo ya baada imepigwa siku ambayo meno hayajapata hata nafasi ya kurudi nyuma. Mzizi wa jino ulioliwa wakati wa matibabu hauonekani. Wagonjwa watatu walioacha kuja katikati ya matibabu hawaonekani. Kijana anayejifunza anadhani kila mtu anafaulu isipokuwa yeye.

Hoja ya pili ya wanaokataa ni faragha, na hapa nawapa haki yao yote. Wengi wa wagonjwa wetu ni watoto. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Picha ya mgonjwa ina uzito zaidi ya ile ya mwanafunzi uwanjani. Kufunika macho kwa mstari mweusi hakutoshi. Katika mji mdogo, tabasamu lenye mwanya na chonge iliyopanda juu linatambulika na mtaa mzima, na maiti zenyewe hutambuliwa kwa meno.

Hata hivyo maswali mengi tunayoulizana hayahitaji uso. Anayetaka ushauri wa breketi zinazobanduka anahitaji picha ya ndani ya mdomo na eksirei isiyo na jina. Uso utumwe pale tu swali linapohusu midomo na taya, kwa idhini iliyoandikwa peke yake, isiyochanganywa na ile ya matibabu, na mtoto mwenyewe aulizwe.

Kutuma kesi zilizoshindikana ni kugumu zaidi, kwa kuwa daktari anahofia jina lake na pengine kesi ya mahakamani. Vyama vyetu vinaweza kuwatengea washiriki kikao cha ndani ambako kila mtu analeta wagonjwa wake 10 wa mwisho kwa mfuatano, bila kuchagua. Na fomu ya idhini iongezwe mstari mmoja: ninakubali kuitwa tena baada ya miaka miwili kupigwa picha, na nauli italipwa na kliniki. Bila hiyo nauli, aliyehamia Kondoa hatarudi, nasi tutabaki na picha ya siku ya kutoa waya.