"Kwani Hawa Hawana Wana?" Msitu Uliomea Juu ya Makaburi ya Mile End

Mjomba wangu wa Mombasa alikuja London kututembelea, na siku ya tatu nikamtoa kidogo anyooshe miguu. Tulishuka kituo cha Mile End, tukakata kona ya Southern Grove, tukaingia makaburi ya kale ya Tower Hamlets, mtaa wa mashariki ya London. Hakufika mbali. Alisimama mbele ya jiwe lililoinama kama mlevi, aivi, ule mmea utambaao, imelitambaa hadi shingoni, mzizi wa mti umelinyanyua upande mmoja. Akatikisa kichwa. "Kwani hawa hawana wana?"

Sikuwa na jibu la haraka, na swali lenyewe si la kupuuzwa. Kwetu Pwani, kaburi likimea magugu si marehemu anayesemwa, ni jamaa zake. Watu huenda mavani na panga, wakafyeka, wakang'oa, wakayasimamisha mashahidi, yaani mawe ya kichwani, yaliyolala, na mwenye kupita akaona kwamba aliyelala pale ana mtu. Mbele ya macho kama hayo, ekari 27 za miti, miiba na mawe yaliyopinda katikati ya mji tajiri ni fedheha tupu. Na si macho ya wageni tu. Wapo wenyeji wa mashariki ya London wasemao maneno yale yale ya mjomba, tena kwa hasira zaidi, kwa kuwa bibi zao wamo humo.

Hoja yao ina uzito. Jiwe lililoegemea mti si la kuchezea: mwaka 2000, kule Harrogate, mtoto aliangukiwa na jiwe la kaburi akafa, na baada ya hapo mabaraza mengi ya miji yalipita makaburini kuyasukumasukuma mawe na kuyalaza yaliyotikisika. Mizizi hupasua vifuniko. Aivi ikiingia kwenye ufa huupanua. Na mtu aliyekusanya senti zake akamnunulia mumewe jiwe mwaka 1890 hakununua ili lije kusomwa na konokono. Hayo yote ni kweli, na anayeyacheka hajawahi kuzika.

Lakini kila niwasikilizapo watu wa kufyeka, naona wanazungumzia mawe. Kwa makaburi haya, kuzungumzia mawe ni kuzungumzia wachache.

Yalifunguliwa mwaka 1841, yakiwa ya mwisho kati ya makaburi saba makubwa ya kibiashara yaliyoizunguka London baada ya viwanja vya makanisa kufurika. Highgate ndiyo ijulikanayo zaidi, kwa sababu ya Karl Marx na malaika wa marumaru. Tower Hamlets ilikuwa ya watu wa gatini, washonaji, wapagazi na mabaharia. Kampuni iliyoimiliki iliendeshwa na matajiri, na biashara yao ilikuwa rahisi: mwenye pesa ananunua kiwanja chake, asiye nazo anazikwa katika kaburi la pamoja ambalo ni mali ya kampuni. Shimo moja liliachwa wazi, akaletwa huyu, akaletwa yule, watu wasiojuana kabisa, kwa muda wa wiki chache, hadi likajaa. Yapo masimulizi ya mashimo yaliyolaza watu 30. Miaka miwili ya mwanzo, asilimia 60 ya maziko yalikuwa ya namna hiyo. Ilipofika 1851 ilikuwa asilimia 80.

Naomba tukae kidogo na hiyo 80, kwa maana ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Katika kila majeneza kumi yaliyopita lango lile wakati huo, manane yalikwenda pasipo na jiwe. Hayakuwa na jiwe likaanguka, wala jiwe likafunikwa na aivi. Jamaa hawakuwa na kiwanja cha kulisimamishia. Kufikia 1889 walikuwa wamezikwa watu 247,000. Ukigawa kwa siku tangu lango lifunguliwe, ni watu 14 kila siku, kiangazi na kipupwe, kwa karibu nusu karne. Jumla yao leo inatajwa kuwa karibu 350,000. Watandaze juu ya zile ekari 27 na unapata watu watatu katika kila mita moja ya mraba. Pale mjomba aliposimama akitikisa kichwa, chini ya viatu vyake palikuwa na watu watatu, na huenda hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuandikwa jina juu ya ardhi.

Basi fyeka. Ng'oa aivi, kata miti, nyoosha mawe, tandaza nyasi fupi kama za uwanja wa gofu. Utakuwa umemstahi nani? Utakuwa umeirudisha ramani ya kampuni: wenye pesa wanaonekana, na baina yao nyasi tupu, pale walipo wengi. Msitu umewafunika wote sawasawa. Mkuyu wa Ulaya uliomea wenyewe juu ya shimo la pamoja ndio kitu pekee kilichosimama juu ya watu wale tangu waingie ardhini.

Wala tusidhani kwamba hapo zamani palikuwa pazuri, wajukuu wakaja kuharibu. Kabla karne ya 19 haijaisha, makaburi yalikwisha kulalamikiwa kwa uchakavu, na kampuni ilikuwa ingali hai, ingali inazika na kupokea ada. Vita Kuu ya Pili ikaja, yakapigwa mabomu mara tano. Baadhi ya mawe hadi leo yana vishimo vya vyuma vilivyoruka. Mwaka 1966 serikali ya jiji iliyanunua kwa pauni 100,000, na sheria ya Bunge ikayafunga. Hapo ndipo wafyekaji walipopata nafasi yao. Nia ilikuwa kupafanya bustani ya wazi ya watu kupumzika. Kazi ilianza 1967: makanisa madogo mawili yaliyokuwa ndani yakabomolewa, na karibu nusu ekari ya makaburi upande wa lango la kusini ikaondolewa. Wenyeji wakapinga, na fedha nazo zikaisha. Ukinipa nafasi ya kutaja jambo lililowavunjia heshima wafu wa Mile End kuliko yote, sitataja aivi. Nitataja ile nusu ekari iliyosafishwa.

Kilichomea baada ya hapo ndicho ambacho watu wa nje hukiona kama takataka. Chukua hiyo aivi yenyewe. Hutoa maua Septemba hadi Novemba, wakati mimea mingine imekwisha kufunga duka, na jua likitoka kidogo kichaka kizima huvuma kwa nyuki, nyigu na nzi wanaokusanya riziki ya mwisho kabla ya baridi. Matunda yake meusi huiva mwishoni mwa kipupwe, ndege wakiwa hawana kitu. Kuna kipepeo wa buluu, mdogo kama kucha mbili zilizokutanishwa, ambaye kizazi chake cha masika hutaga mayai kwenye holi, mti wenye majani ya miiba, na kizazi cha kiangazi hutaga kwenye aivi. Ukiondoa kimoja umemkatia mwaka katikati.

Na mawe yale yale yanayogombewa yana wakazi wake. Mashariki ya London ni udongo wa mfinyanzi na changarawe. Mwamba wa chokaa hakuna. Kwa hiyo yale madoa ya kijivu na ya manjano unayoyaona juu ya mawe ya makaburi, viumbe vilivyo nusu kuvu nusu mwani, hayakuwa na pa kushika mpaka mtu alipokufa na jamaa zake wakaleta jiwe kutoka mbali. Hukua kwa milimita chache tu kwa mwaka, mengine chini ya hapo. Anayelisugua jiwe kwa brashi ya chuma ili jina lisomeke anaweza kuwa anafuta kiumbe chenye umri wa kumzidi babu yake, na mara nyingi herufi huondoka pamoja nacho.

Mbweha wekundu hulala mchana ndani ya miiba. Jioni popo hutoka. (Bundi nilimficha mjomba kwa makusudi. Ningemwambia kwamba kuna watu hapa wanaofurahi kusikia bundi analia makaburini, safari ingeishia pale.)

Jambo ambalo halionekani kwa mpita njia ni kwamba msitu huu una wenyewe. Tangu 1990 kuna chama cha marafiki wa makaburi, na mwaka 2000 eneo likatangazwa hifadhi ya asili ya mtaa. Watu wa kujitolea hufyeka. Ndiyo, hufyeka: nyasi za uwanda hukatwa kwa msimu, miti hupunguzwa ili mwanga ufike chini, njia huachwa wazi, mawe ya hatari hushughulikiwa. Tofauti ni kwamba hawafyeki kila kitu siku moja ili paonekane safi. Ukiona pametupwa, mara nyingi ni kwamba umefika mahali ambapo zamu yake haijafika.

Nilimkumbusha mjomba kwamba mamake ni Mdigo, na kwamba hapana mtu anayeingia Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, akauliza kwa nini wazee hawajafyeka. Unafungwa kaniki kiunoni, unaingia kwa adabu, hukati tawi. Makaya ya Wamijikenda yalitiwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008 kwa sababu hiyo hasa: makazi ya wahenga yakalindwa, na msitu ukapona kwa kulindwa kwao. Alinijibu kwamba kaya ni kaya na hapa ni mjini. Nikamkumbusha hadithi mashuhuri ya Mtume na lile kuti bichi alilolipasua na kulichomeka juu ya makaburi mawili, huenda wakapunguziwa adhabu maadamu halijakauka. Hapo alinyamaza, ingawa najua wanazuoni wana maneno yao kama jambo hilo linatuhusu nasi.

Ipo hoja moja ya upande wa pili inayoniuma kweli, nayo haina uhusiano na usafi. Ni hoja ya nafasi. Katika sensa ya 2021, asilimia 39.9 ya wakazi wa Tower Hamlets walikuwa Waislamu, kiwango cha juu kuliko mtaa wowote wa Uingereza. Waingereza wengi siku hizi wakifa huchomwa moto. Mwislamu hana njia hiyo, lazima azikwe, na azikwe upesi. Mtaa wenyewe hauna makaburi yanayozika tangu haya yafungwe. Maiti huoshwa na kuswaliwa msikitini Whitechapel, kisha msafara ukapambana na foleni za magari kwenda makaburi ya Hainault, ukingoni mwa mji, au mbali zaidi, na mwezi wa Desemba, jua likizama kabla ya saa kumi jioni, jamaa wanaitazama saa kuliko wanavyomlilia marehemu. Nimo katika waliokaa ndani ya gari la namna hiyo. Ukipita Mile End ukaona ekari 27 za makaburi yasiyozika, yaliyo wazi kwa wapiga picha wa vipepeo, moyo unasema neno.

Na kaburi kutumika tena si kufuru. Fikihi inaruhusu pale mwili unapokuwa udongo, na mava mengi ya kwetu yangekwisha kujaa karne nyingi zilizopita isipokuwa kwa ruhusa hiyo. Hata Waingereza wamefika hapo: sheria ya London ya 2007 iliyapa mabaraza ya mitaa njia ya kuyafungua makaburi yaliyopita miaka 75, mabaki yakateremshwa chini zaidi na mwingine akazikwa juu. Highgate nao walipata sheria yao mwaka 2022.

Kinachonizuia kulifuata neno hilo la moyoni ni yale mashimo. Kuteremsha mabaki chini kunawezekana pale ambapo kaburi lina mtu mmoja au watatu. Hapa shimo lilichimbwa kwa kina cha kutisha tangu mwanzo na likajazwa hadi karibu na juu. Hakuna chini ya kumteremshia mtu. Ungelazimika kuwatoa. Na wa kutolewa wangekuwa nani? Wenye viwanja vyao wana hati, wana majina, pengine wana vitukuu wa kuandika barua ya pingamizi. Wa shimo la pamoja hawana. Ingekuwa mara ya pili kuondolewa kwa sababu ya kutokuwa na kitu. Nafasi ya kuwazikia Waislamu wa Tower Hamlets ni deni la kweli, ila ardhi ya kulilipia ingetafutwa kwingine kabla ya kugusa hii.

Mjomba hakukubali yote hayo, na sikutaraji. Karibu na jiwe la ukumbusho la watoto wa nyumba za Barnardo, shirika la kulea watoto maskini, zaidi ya 500 waliozikwa humu bila alama yoyote juu yao hadi jiwe hilo lilipowekwa, alikaa kimya kwa muda. Tulipokuwa tunatoka tukamkuta mzee wa Kiingereza amepiga magoti, anakata miiba kuzunguka jiwe moja, aivi kaiacha. Mjomba akamwamkia kwa Kiingereza chake cha bandarini, akamwuliza kama ni kaburi la babake. Mzee akasema la, hamjui ni nani, jina limekwisha kufutika. Zamu yake ni Jumanne.

Mjomba akaitazama ile mikasi midogo mikononi mwake, kisha akanigeukia. "Hamna panga mnaloweza kumpa huyu?"