Samaki Ndani, Mimi Nje

Jamani, mimi sikatai maendeleo. Bando linaisha kabla sijamaliza kusoma salamu za kundi la ukoo, nimenyamaza. Maji yanatoka saa nane usiku, naamka na ndoo kama mwanga, nimenyamaza. Lakini leo, mbele ya pantoni, mbele ya wauza pweza, gari langu mwenyewe limenikana. Hapo nimeona nisinyamaze.

Kwanza ijulikane kwamba mimi ni mtu mzima. Suruali zangu zinanyooshwa mstari. Leo washenga wa Zawadi walikuwa wanakuja saa saba, na Mama Zawadi alishasema nguru, si vibua, si "chochote utakachokuta". Saa mbili na nusu nipo Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, nimesukumana mnadani, nimepata nguru wa kilo 4 mwenye jicho linalong'aa kuliko langu. Kijana akanipalia magamba, akanikatia vipande, akafunga mfuko mweusi. Nikamlaza nguru kiti cha nyuma, juu ya gazeti, kwa heshima zote. Nikabonyeza kale kakitufe kwenye kitasa, gari likalia pii, likakunja vioo vyake kama masikio. Nikaenda kununua ndimu.

Dakika nne tu. Nimerudi, nabonyeza, kimya. Nabonyeza tena, kimya kama mdaiwa.

Sasa gari lenyewe ni la umeme. Mpwa wangu anayeishi Japani alilipata mnadani Nagoya akalituma kwa meli. Halina ekzosi, halina mngurumo, na nilivyoaminishwa mimi, halina hata tundu la ufunguo. Ufunguo wake ni kidude kama kipande cha sabuni ya gesti. Unakitia mfukoni, gari linanusa, likipata harufu ya mwenyewe linafungua. Lisipoipata, wewe ni mwizi. Chini ya viti kuna betri la kilowati-saa 40, ambalo lingeendesha friji la Mama Zawadi karibu mwezi mzima. Lakini mlango haujali hayo. Mlango unasikiliza kile kidude, na kidude kinaishi kwa kabetri ka volti 3, kama kidonge cha malaria kilichobanwa, na hako ndiko kalikuwa kamekata roho. Hayo nimeyajua baadaye. Wakati ule nilijua nimelogwa, na nilishaanza kuhesabu majirani.

Nikalizunguka gari mara mbili, taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua mali yake. Mara mbili Dar es Salaam inavumilika. Ukizunguka mara ya tatu, watu wanasogea.

"Mzee, limekufungia nje?" Huyo bodaboda.

"Hapana. Linapumzika."

"Mbona kama una wasiwasi?"

Kabla sijajibu tumeshakuwa kumi na tano. Mmoja akasema tairi zipigwe teke. Zikapigwa. Mwingine, mzee wa kofia ya kitambaa, akasema hapa mawimbi hayapiti, majirani zetu ni wakubwa, akaelekeza kidevu upande wa Ikulu. Watu wakaitikia kwa sauti ya chini. Mama mmoja muuza barafu akanishika mkono kwa huruma.

"Baba, usihangaike na gari, mtoe samaki kwanza."

"Nitamtoaje, mama, na mlango umefungwa?"

"Basi nunua barafu."

"Nikaiweke wapi?"

Akafikiri. "Juu ya paa."

Nilinunua. Ndivyo akili ilivyokuwa imefikia. Barafu ikayeyuka juu ya paa, maji yakateremka kwenye kioo, na kupitia yale maji nikawa namwona nguru wangu kwenye mfuko wake mweusi, jua linampiga ubavuni.

Akaja fundi na waya wa henga. Akasema elfu thelathini, havunji kitu, labda kioo. Nikampigia mpwa wangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Fungua gari."

"Gari gani?"

"Hili ulilonitumia! Si ulisema lina intaneti?"

Kwa hesabu zangu ilikuwa kazi ya sekunde. Gari lina intaneti, mtoto ana intaneti, kule kwao ni saa tisa alasiri, ameshakula, atulie abonyeze. Akasema programu ya gari anayo, ila amebadilisha simu, lazima aingie upya, na wanamtumia namba sita za uhakiki kwenye laini ya zamani, ambayo ipo kwenye simu ya zamani, ambayo ipo kwenye begi, ambalo lipo kabatini. Nikasikia kabati linafunguliwa. Nikasikia zipu. Nikasikia "nne, sifuri, mbili..." halafu nikasikia dada mwenye sauti ya asali akiniarifu kuwa bando langu limekwisha.

Yule bodaboda, Mungu ampe, akaniwashia intaneti ya simu yake, na kuanzia dakika ile akawa mwanahisa. Kila mtu mpya akifika, yeye ndiye anaeleza: "Tumefungiwa, tunaongea na Japani."

Namba za kwanza zilikuwa zimeshapitwa na muda. Zikaja nyingine. Mpwa akaingia.

"Mjomba, limeonekana!"

Feri nzima ikapiga makofi. Muuza pweza mmoja aliacha mteja wake akaja kusimama nasi.

"Lipo salama kabisa, mjomba. Milango yote imefungwa."

"Najua imefungwa!"

"Chaji asilimia 62. Na lipo bandarini Nagoya."

Nikaligusa gari. Lilikuwa la moto. Nikalipiga kofi dogo, likatoa sauti ya bati.

"Mpwa wangu, nimeliegemea hapa."

"Ramani inasema Nagoya, mjomba. Itakuwa mara ya mwisho kushika mtandao ni siku lilipopakiwa melini. Laini iliyomo ndani ni ya huku, huko haishiki."

Kwa hiyo jamani, gari langu kimawazo halijawahi kuondoka Nagoya. Kilichokuja Dar es Salaam, kikalipiwa ushuru, kikapewa namba, ni mwili tu.

"Bonyeza kufungua hivyo hivyo, huenda litasikia."

"Kitufe cha kufungua hakipo, mjomba. Kwa ajili ya usalama. Kipo cha kufunga." Akatulia kidogo. "Nikufungie?"

Ndimu moja ilinitoka mkononi, sitaki kusema ilielekea wapi. Yule mzee wa kofia aliinama kwa wakati.

"Kipo na cha kuwasha kiyoyozi," mtoto akaendelea, bado na adabu zake, "kingemsaidia samaki. Ila nacho nadhani kitatafutwa Nagoya."

Wakati huo paka wa Feri, ambao hawahitaji mtandao wowote, walikuwa wameshakaa chini ya gari kwa mstari.

Aliyeniokoa ni yule kijana aliyenipalia nguru. Alikuja magamba yamemjaa hadi kwenye nyusi, akanyoosha mkono bila salamu: "Hebu, mzee." Akakitazama kile kidude, akakibana kwa ubavuni kwa ukucha, akavuta. Kikatoka kiufunguo! Cha chuma! Cheupe, chembamba, chenye meno, kimejificha tumboni mwa kidude miaka yote hii kama hirizi. Kisha akachukua kile kisu chake cha samaki, akachokonoa kipande cha plastiki pembeni ya kitasa, kikabanduka, na nyuma yake kuna tundu la ufunguo kama la kabati la bibi yangu.

"Umejulia wapi?"

"Nilikuwa naosha magari Sinza."

Akazungusha. Mlango ukafunguka, na gari likapiga king'ora. Ndiyo. Ufunguo wake lenyewe, limezaliwa nao tumbo moja, likapiga king'ora. Kunguru wakaruka. Mgambo mmoja akatokea, akauliza nani mwenye gari, na watu thelathini wakasema "sisi".

Nikajitupa ndani, nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Ndipo yule mwanamke akaanza. Kuna mwanamke anakaa kwenye gari hili, nililetewa naye. Anaongea Kijapani, kwa upole sana, kila asubuhi, na Mama Zawadi hajampenda tangu siku ya kwanza. Leo alirudia sentensi moja mara sita. Nikamwekea simu mdomoni.

"Anasemaje?"

"Anasema ufunguo hauonekani," mpwa akatafsiri. "Mjomba, gusisha kidude kwenye kitufe cha kuwashia, halafu ubonyeze."

Nikagusisha. King'ora kikanyamaza. Taa zikawaka. Gari limewaka, nipo tayari, namshukuru Mungu. Shida ni kwamba gari la umeme likiwaka halisemi.

"Mzee, halijawaka!"

"Limewaka!"

"Halijawaka hilo! Vijana, tusukume!"

Nikaondoka pale kwa umeme wangu mwenyewe, huku wanaume saba wanalisukuma kwa nyimbo, mwanahisa wangu ametangulia na pikipiki anafungua njia. Walisukuma mpaka barabarani, wakaja dirishani wanahema, wakadai hela ya kusukuma. Nililipa. Utamweleza nini mtu anayetokwa jasho kiasi kile?

Nguru alifika. Mama Zawadi alifungua mfuko, akanusa, akanitazama, akaongeza tangawizi na ndimu zilizobaki. Washenga walikula wakaramba vidole. Mmoja akasema nyumba hii ina baraka, hata gari ni la kisasa, hebu tulione. Nikasema linachaji.

Jioni nimekwenda Kariakoo kwa daladala kutafuta hako kabetri. Humo kwenye daladala redio inashika kila stesheni, safi kabisa. Redio ya gari langu, kwa kuwa ni ya Kijapani, inaanzia FM 76 inaishia 90 tu, nimebaki na mahubiri na mikwaruzo, na kila ninayemwambia anasema kuna kifaa cha kushushia masafa, na kila kifaa kinataka fundi, na fundi akifungua dashibodi zinabaki skrubu mbili mkononi. Ile Corolla niliyoiuza ilikuwa inafunguliwa hata kwa kijiko. Nimeiona wiki iliyopita Mbagala imebeba magunia ya mkaa, ikanipita inacheka.

Basi nikampata fundi saa chini ya mwavuli wake, nikamwonyesha kabetri, kameandikwa 2032. Akauliza, saa yenyewe ya aina gani? Nikamwambia ina matairi manne. Hakushtuka hata kidogo. Akasema hako kamemwishia, atapata kesho, ila niilete hiyo saa aijaribishie hapa hapa. Sasa nyie mnaoujua mtaa wa Msimbazi hapo Kariakoo, hebu niambieni nitaegesha wapi.