Shilingi 6,000 na Sufuria la Makande

Kila Januari shule zinapofunguliwa Tanzania, mabishano huwa yaleyale. Mzazi anasema elimu ni bila malipo, inakuwaje mtoto arudi na kikaratasi cha mchango? Mwalimu mkuu anajibu kwamba mchango ulipitishwa na wazazi wenyewe kwenye mkutano. Mkuu wa wilaya anatoa onyo redioni. Ikifika Machi, walimu wakuu wawili watatu wamevuliwa madaraka, wengine wamejifunza kuita mchango kwa jina jingine, na mtoto aliyesababisha yote hayo bado anakaa mpaka saa tisa bila kutia kitu tumboni.

Neno "michango" linabeba mambo matatu yasiyofanana, na ndiyo maana kila upande unaonekana una haki. Kuna gharama za kuendesha shule: chaki, karatasi, mlinzi, umeme, maji. Kuna chakula. Na kuna mitihani ya kila wiki pamoja na masomo ya ziada. Anayepinga michango huwa anafikiria hili la mwisho, anayeitetea anafikiria chakula, na lile la kwanza halisemwi sana kwa kuwa halina utamu jukwaani.

Tuanze nalo, kwa sababu hapo ndipo kwenye kiini. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ruzuku ya uendeshaji, yaani fedha serikali inayozipa shule, ikapangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, wakati dola moja ilikuwa karibu na shilingi 1,000. Elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa Januari 2016, na ada ya sekondari ya kutwa ya shilingi 20,000 kuondolewa, kiwango cha shule za msingi kilibaki 10,000. Katika hiyo, 4,000 ni ya vitabu na hainunui kitu kingine. Shule inabaki na 6,000. Kilichobadilika, na ni jambo kubwa, ni kwamba fedha sasa zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule badala ya kupita halmashauri, ambako zamani zilikuwa zinachelewa au zinayeyuka. Mwalimu mkuu naye alipewa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi.

Chukua shule ya wanafunzi 800. Ruzuku yake ni 4,800,000 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa mwezi. Mlinzi akilipwa 100,000, umeme na maji 60,000, nauli za kwenda halmashauri na benki 40,000, imebaki 200,000 ya chaki, madaftari ya maandalio, kufuli, kitasa, bati lililoezuliwa na upepo na shimo la choo lililojaa. Hapo ni kama idadi ya wanafunzi kwenye mfumo ni sahihi. Takwimu zisipohuishwa, shule yenye watoto 800 ikahesabiwa 720, imepoteza 480,000 kwa mwaka na hakuna atakayeifidia.

Je, mitihani inaingia humo? Ya mwezi inaingia, kwa kubanana. Tuseme wanafunzi 550 wa madarasa ya juu wanafanya masomo sita, kila somo karatasi moja iliyochapwa pande zote mbili. Ni karatasi 3,300, karibu rimu saba. Rimu ikiwa 12,000, ni shilingi 84,000 kabla ya wino. Miezi kumi ni 840,000, chini kidogo ya moja ya tano ya ruzuku. Ukiufanya mtihani kuwa wa kila wiki, karatasi pekee zinafika 3,360,000 na shule imefilisika. Hapo ndipo inapozaliwa ile shilingi 300 au 500 ya kila Ijumaa. Mama mwenye watoto watatu shuleni analipa 1,500 kwa wiki, na mtoto asiyekuja nayo anaambiwa akae nje wakati wenzake wanafanya mtihani.

Kwa hili sioni pa kuwatetea wanaotoza. Hakuna sheria inayosema jaribio la wiki lazima lichapwe. Maswali kumi ubaoni, daftari, na kalamu nyekundu vinatosha, na mwalimu anajua nani kaelewa. Lakini haki itendeke pande zote: mtihani wa Ijumaa mara nyingi hautoki kichwani mwa mwalimu mkuu. Unatoka kwenye kikao ambako shule zinapangwa kwa ufaulu kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na aliyeshika mkia anasimamishwa ajieleze. Huwezi kumkaba mtu kwa matokeo asubuhi na kumkaba kwa karatasi za matokeo hayohayo jioni.

Chakula ni habari nyingine kabisa. Waraka wa Elimu Namba 3 wa 2016 uliwaachia wazazi sare, madaftari, na chakula cha wanafunzi wa kutwa. Kwa hiyo anayesema chakula shuleni ni kinyume cha elimu bila malipo amekosea. Ila agizo la Rais Magufuli la Januari 2018, la kutaka mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili ya mchango na walimu wasishike fedha hizo, lilitafsiriwa kila mahali kwa namna yake. Baadhi ya walimu wakuu waliona usalama uko kwenye kuzima jiko.

Wapinzani wa mchango wa chakula wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba unageuka ada: asiyetoa hali, na asiyekula anaona aibu, kisha anaacha kuja. Ya pili ni kwamba stoo haina mlinzi mwaminifu. Zote ni za kweli, na zote zinatibika kwa utaratibu zaidi kuliko kwa marufuku.

Makande yanahitaji kama gramu 120 za mahindi na 40 za maharage kwa mtoto kwa siku. Kwa siku 194 za masomo ni kilo 23 na kidogo za mahindi, na karibu kilo 8 za maharage. Sasa weka makadirio ya wasioweza. Kama kaya 15 katika kila 100 hazitatoa, gawa kwa 0.85: mzazi anayeweza atatoa kilo 27 na kilo 9. Hesabu hii isemwe wazi mkutanoni, wakati wa kupitisha, ili isije ikawa siri ya mwalimu. Orodha ya wasamehewa itoke kwa serikali ya kijiji, wala isisomwe mstarini. Kila mtoto anapanga foleni moja na sahani moja.

Kosa kubwa kuliko yote ni msimu. Shule zinadai Januari, wakati maghala ya Iringa na Dodoma yanaelekea kukauka na mzazi ndiyo kwanza ametoka kununua sare. Anayetaka mahindi akusanye Julai au Agosti, mavuno yakiwa ndani. Apokee kwa mizani, maana debe la huyu silo debe la yule. Punje ing'atwe: isiyolia kavu irudi juani, kwani mahindi mabichi yakifungiwa stoo yanaota ukungu na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Shule yetu ya watoto 800 itahitaji magunia 186 ya mahindi ya kilo 100 kwa mwaka, na ofisi ya mwalimu mkuu haiwezi kuwa ghala la mzigo huo. Funguo ziwe mbili, moja kwa mwalimu wa chakula, nyingine kwa mjumbe wa kamati, na kila asubuhi kinachotoka kipimwe na kusainiwa na wote wawili.

Mjini ni vigumu zaidi. Hakuna mahindi ya kuleta, ni fedha, na fedha ndiyo inayoleta kesi. Hapo njia inayoshika ni muhtasari wa mkutano wenye mahudhurio, kibali cha mkurugenzi wa halmashauri, malipo benki, na stakabadhi. Mwalimu wa darasa akishaanza kuweka mia tano tano kwenye bahasha, hata kama ni malaika, hatatoka salama.

Wanaotetea michango ya aina zote husema bila hiyo shule zitakufa. Wanaoipinga yote husema serikali inatosha. Wa kwanza wanamsahau mama wa watoto watatu, wa pili hawajapiga hesabu ya 400,000. Chakula kibaki kwa wazazi kwa utaratibu huo, mtihani wa kulipia ukome, na mlinzi, umeme na choo virudi kwenye ruzuku. Ila ruzuku hiyo haiwezi kuendelea kupimwa kwa dola ya shilingi 1,000 wakati dola yenyewe imeshavuka 2,000.