Mhariri Si Tarishi

"Mwandishi aeleze kwa nini sampuli hazikuchukuliwa kwa vipindi vilivyo sawa, kwa mfano kila Jumatatu."

Nimeitafsiri tu, chumvi sikutia. Ni hoja ya Mhakiki wa Pili wa jarida moja la kitaaluma la nje, yaani mmoja wa wataalamu wanaopewa makala waipime kabla haijachapwa, juu ya makala ya shoga yangu ambaye ni mhadhiri hapa Unguja. Makala yenyewe inahusu mwani wa pwani ya mashariki. Alinitumia picha ya barua kwa WhatsApp, hata salamu hakuniwekea.

Kila Jumatatu! Yakhe, mwani na Jumatatu wapi na wapi?

Kina mama wa Paje na Jambiani, ambako kilimo hichi cha biashara kilianza 1989, hawaendi shamba kwa kuangalia kalenda ya ukutani. Wanakwenda bamvua, maji yakipwa mpaka vigingi vikaonekana na kamba zikashikika. Maji mafu, yasipokupwa sana, wana kazi zao nyengine. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kupima mwani wao naye afuate bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Ukizitazama tarehe zake kwa Jumatatu na Jumanne utaona zimerukaruka. Ukizitazama kwa mwezi zimenyooka kabisa. Na hayo shoga yangu aliyaandika. Aya nzima, kwenye sehemu ya mbinu, ukurasa wa nne. Jumatatu ikiangukia maji mafu, huyo Mhakiki wa Pili aje mwenyewe apige mbizi.

Lakini hasira zangu si kwa mhakiki. Mhakiki halipwi. Anasoma makala ya mtu asiyemjua, usiku, baada ya kusahihisha mitihani ya wanafunzi wake, na jina lake halitajwi popote. Pengine anakaa mahali ambapo bahari haiendi mbali ikarudi. Aliuliza asichokijua, na aliruka aya. Binadamu.

Mie nina ugomvi na mhariri. Barua yake ilikuwa na mistari mitatu: tunashukuru, uamuzi ni marekebisho makubwa, tafadhali jibu hoja zote za wahakiki. Zote! Sasa tazama hizo hoja zenyewe. Mhakiki wa Kwanza anasema utangulizi ni mrefu, ukatwe nusu. Mhakiki wa Pili anasema utangulizi haujitoshelezi, ziongezwe aya mbili na zitajwe kazi tano. Hizo kazi tano, ukitazama waandishi, kuna jina moja halikosekani hata kwenye moja. Mtu mzima anajua hapo kunanuka nini. Mhariri hakunusa, au alinusa akanyamaza. Alichukua maoni ya huyu na ya yule, akayatia kwenye bahasha moja, akabonyeza kitufe.

Hiyo ni kazi ya tarishi. Tarishi halaumiwi kwa yaliyomo ndani ya barua, maana hakuajiriwa kuisoma. Mhariri ameajiriwa kuisoma! Au kama hakuajiriwa, maana wengi nao wanajitolea, basi amekubali jina lake liandikwe kwenye ukurasa wa mbele wa jarida, na kwenye wasifu wake limo pia, kwa herufi nene. Wahakiki wanashauri, anayeamua ni yeye. Ndivyo majarida mengi yanavyojieleza kwenye miongozo yao. Kuamua maana yake ni kusoma makala, kusoma maoni, kisha kumwambia mwandishi: hoja hii ya kwanza ijibu, ya nne iache, kuhusu utangulizi mimi nasema ufupishe. Nusu saa ya kazi. Kwa shoga yangu nusu saa hiyo imegeuka miezi, na bila ya makala kuchapwa cheo cha mhadhiri mwandamizi atakisikia kwa wenzake.

Wala tatizo hili si la Waswahili peke yao. Mwaka 1982 Peters na Ceci, wanasaikolojia wawili wa Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la kitundu. Walichukua makala 12 zilizokwisha kuchapwa na majarida makubwa, wakabadilisha majina ya waandishi na vyuo, wakaweka vyuo vya kubuni visivyojulikana, kisha wakazirudisha kwa majarida yale yale. Makala tatu zilitambuliwa. Kati ya tisa zilizobaki, nane zilikataliwa, na sababu kubwa iliyotolewa ilikuwa kasoro za mbinu. Wahakiki 16 kati ya 18 walisema zisichapwe. Wahariri je? Waliafiki. Makala zilikuwa zao wenyewe, kwenye makabati yao! Siku zote watu husimulia kisa hichi kuonesha kuwa wahakiki wanaangalia jina la chuo, na ni kweli, anayeandika kutoka vyuo vyetu vya Tunguu anaelewa vizuri sana. Mie linaloniuma ni hilo neno waliafiki.

Kuna upande wa pili, na lazima niuseme ingawa hauninogei. Mwaka 1936 wanafizikia Einstein na Rosen walipeleka makala kwa jarida la Physical Review wakidai kuwa mawimbi ya mvutano hayapo. Mhariri, John Tate, akaipeleka kwa mhakiki. Hebu fikiri, makala ya Einstein! Mhakiki akarudisha kurasa kumi za maoni, Tate akamtumia Einstein na kumwomba ajibu. Einstein akafura, akasema hakuwapa ruhusa ya kuonesha kazi yake kwa wataalamu kabla haijachapwa, akaiondoa. Baadaye akagundua kuwa hoja haikusimama, na ilipotoka kwenye jarida jengine hitimisho lilikuwa limebadilika. Mhakiki, ambaye baadaye ilijulikana ni Robertson, alikuwa na haki. Kwa hiyo uhakiki unafanya kazi, sawa, nakubali. Lakini mtazame Tate: alijua nani wa kumpa, na mkubwa alipokasirika hakuyarudisha nyuma maneno yake.

Hata huyo Mhakiki wa Kwanza wa shoga yangu alimwokoa. Kwenye jedwali la tatu uzito wa mwani mbichi na uzito wa mwani mkavu viliingiliana safu moja. Mwenyewe hakuona, mie nilimsomea rasimu nami sikuona. Ingetoka hivyo ingekuwa aibu.

Na wale watakaosema achaneni na majarida hayo, lipeni tu mchapwe haraka: mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alipeleka makala ya uongo, yenye makosa ya wazi, kwa majarida 304 ya kulipia. 157 yaliikubali. Asante, hatutaki.

Ninachoogopa ni kwamba na sisi tunaiga. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa magharibi ya Bahari ya Hindi, makao yake yako hapa hapa Unguja na jarida lake la sayansi ya bahari linasomwa bure, na vyuo vyetu navyo vinaanzisha majarida yao, jambo jema. Kwenye majarida haya mapya ndipo pangekuwa na mhariri anayejua bamvua ni nini bila ya kuelezwa. Badala yake nasikia watu wanazungumzia mfumo wa kupakia makala, nembo, namba za utambulisho, jalada. Ukiuliza mhariri atakuwa nani, unaambiwa tutampa fulani, hana kazi nyingi. Kha!

Shoga yangu ameshajaza majibu yake: hoja, jibu, ukurasa. Jedwali la maji kupwa na kujaa ameliambatisha zima. Katika zile kazi tano ametaja mbili zinazohusika, tatu ameziacha, na nimempongeza kwa ujasiri huo. Kilichobaki ni utangulizi, kwa sababu hauwezi kukatwa na kurefushwa kwa pamoja. Nikamwandikia rasimu ya barua ya kumpelekea mhariri moja kwa moja, adabu zote zimo, na ndani yake swali moja tu: wewe baada ya kuisoma makala, unataka utangulizi upi? Ameisoma, amecheka mpaka machozi, na hajaituma. Anasema kwanza apate cheo.