Mchungaji, na sisi tuna macho jamani

Jamani mimi nimechoka. Jumapili mchungaji wetu katushushia somo la masaa mawili na nusu, "msijiwekee hazina duniani", Mathayo 6:19, jasho linamtoka, taulo begani, sisi kwenye viti vya plastiki amina amina na feni ni moja tu, inampuliza yeye. Haya ibada imeisha, natoka nje nakuta V8 inaunguruma, AC ishapoza siti, kijana kamshikia mwamvuli na ni hatua nane tu mpaka mlangoni, kwani atayeyuka? Mimi huyo nagombania daladala ya Mbagala.

Na sadaka sasa! Ya shukrani, ya mbegu, ya ujenzi (huo ujenzi ulianza sijaoa, leo mwanangu yuko darasa la nne na ukuta haujafika dirishani). Waliotoa laki wanatajwa kwenye maiki, sisi wa elfu mbili tunaambiwa Mungu anawaona. Yeye hatuoni?

Halafu eti hospitali ni kukosa imani. Juzi jino limemuuma, mafuta ya upako yaliisha? Saa kumi na mbili asubuhi yuko kliniki, namba moja kwenye foleni. Najua kwa sababu namba mbili nilikuwa mimi.