Vinzi kwa kopo la minyoo: ufunike ama upunguze chakula?

Kwa wale tunaofuga samaki wa urembo huku Kisumu, minyoo ya Grindal ndiyo chakula mkombozi cha vifaranga wa samaki, ile myeupe midogo, mirefu kama sentimita moja hivi. Unaiweka kwa kopo la udongo, unailisha oti, halafu siku moja unafungua na vinzi vinakurukia mpaka puani. Hapo ndipo ubishi unaanza, wengine wanasema hukufunga vizuri, wengine wanasema unalisha kama mtu wa harusi.

Wa kufunga wana ukweli wao, inzi asipoingia hatagi. Lakini wengi wanafunika na kipande cha neti ya mbu na hivyo vinzi vidogo vya udongo vinapenya tu, heri kipande cha shuka kuukuu na raba. Na ukiziba kabisa na kifuniko cha plastiki kisicho na tundu, kwa hili joto la Kisumu, minyoo inakosa hewa na kopo linaanza kunuka. Mtu wa Nakuru kule kwa baridi anaweza kujisahau kidogo, huku jaribu uone. Halafu kitambaa kitasaidia nini kama mayai yalikuja na udongo wenyewe? Huo udongo mwagia maji moto kwanza, upoe, ndio uweke minyoo. Na kuna utitiri pia unaovamia kopo, huo hata hauruki, ni jamii ya buibui, miguu 8, unatembea polepole mpaka unafika.

Wale wa kupunguza chakula mi naona wako karibu zaidi na chanzo, kwa sababu vinzi vinafuata oti iliyolala ikaota ukungu, si minyoo. Shida yao hawasemi gharama: ukilisha kidogo minyoo inazaa polepole, na kama una vifaranga mia wanangoja kula utajuta. Ndio maana naweka makopo matatu, moja likiharibika mbegu iko.

Kuna pia wa "acha tu, samaki watakula hao funza." Ni kweli watakula, lakini inzi akishakomaa hakai kwa kopo, anahamia jikoni, na hapo utaongea na mama watoto.

Kitu sikubali ni kupulizia pareto, ile dawa ya wadudu ya maua. Nimeshauriwa ati ni ya asili, si inalimwa huko Nakuru, haina neno. Ya asili sawa, lakini ni sumu kali kwa samaki, na hiyo minyoo uliyopulizia ndiyo unaenda kumwaga kwa tangi! Na sisimizi wakivamia kopo, hata hawahitaji dawa, simamisha miguu ya meza ndani ya mikebe ya maji yenye sabuni kidogo, vile watu hufanya na kabati ya chakula.

Mi nalisha jioni, nusu kijiko cha chai, asubuhi nachungulia, oti ikiwa imebaki siongezi. Msimu wa maembe ukifika na ndoo ya maganda iko hapo nje ya mlango, raba naweka mbili.